Kwa Nini Mama Zawadi Hakununua Mashine Kubwa

Swali lililonikosesha usingizi usiku kucha lilikuwa hili: nikimshawishi Mama Zawadi anunue ile mashine kubwa, halafu siku mbaya ikaja, ataiingiza wapi?

Mtaniambia hilo si swali la muuzaji. Papa Kambale, bosi wangu, aliniambia hivyohivyo, tena kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara. Lakini mimi ndivyo nilivyo. Nilitoka shule na vitu viwili, diploma ya informatique, yaani ya kompyuta, na wasiwasi, na ni wasiwasi peke yake ambao haujachakaa. Hata nyanya sinunui kabla ya kujiuliza zikioza nitamwambia nini mama yangu.

Sasa nimekabidhi funguo za duka, baada ya miaka kumi na minne ya kuuza kompyuta hapa Bunia. Mstaafu wa miaka thelathini na minane. Chekeni, nangoja. Mkimaliza, sikilizeni, maana ninyi ndio mtakaosimama nyuma ya kaunta ile, na kuna mambo ambayo mwalimu hakuyaandika ubaoni.

Mashine yenyewe, kompyuta ya kubeba, ilitoka Kampala, ikavuka ziwa, ikapanda mlima kutoka Kasenyi ndani ya gari la samaki. Wiki ya kwanza sanduku lake lilinuka samaki. Niliogopa harufu ingefukuza wateja, nikalipuliza manukato, likawa linanuka kama samaki anayekwenda harusini. Lakini mashine ilikuwa nzuri, naapa. Kioo kipana kama sinia, mwili mwembamba, nyepesi kiasi kwamba ukiibeba kwapani unaweza kuisahau. Papa Kambale aliiweka dirishani, akaagiza nyingine nane kabla hajauza hata hiyo moja, akasugua viganja vyake.

Ilikaa dirishani miezi mitano.

Haikukosa watazamaji. Walikuja wengi. Waliingia, wakaishika, wakaisifu, wakasema, "Nitarudi." Kijana, mteja akikwambia atarudi, usimuulize lini. Tazama miguu yake. Yule ambaye miguu yake tayari imeelekea mlangoni amekuaga. Yule ambaye mguu mmoja bado unakutazama ana sababu anayoona haya kuisema, na kazi yako ni kuijua sababu ile bila kumwaibisha. Mimi nilidhani naweza kuijua kwa kufikiri. Nilinunua daftari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mikono. Nilitaka watu waone wepesi wa mashine, basi nikawa naiinua kwa vidole viwili na kuizungusha hewani kama mhudumu wa hoteli na sahani yake. Siku moja aliingia mnunuzi wa dhahabu, mtu mzima, viatu vyake bado vina udongo wa machimboni. Alinitazama nikicheza, akanyoosha mkono, akaipokea. Akafumba macho. Akaipima juu ya kiganja, polepole, juu, chini.

"Mutoto yangu," akasema, "ndani iko nini?"

"Kila kitu, papa. Ni teknolojia mpya."

"Hapana. Ndani iko upepo. Mimi ninapima vitu na hii mukono tangu weye haujazaliwa. Kitu ya kweli iko na uzito. Ile ya bandia njo inaruka."

Akanirudishia kwa adabu, kama mtu anayerudisha yai bovu kwa jirani.

Papa Kambale alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya katoni za wino. Alingoja mnunuzi atoke, kisha akanijia. "Ingé," akasema, maana ndivyo alivyoniita, kifupi cha ingénieur, mhandisi, na sikuwahi kujua kama ni sifa au matusi. "Ingé, weye unacheza na mashini kama mupira. Kitu ya bei unaishika na mikono mbili, kama mutoto wa batizo. Na unapumua kidogo, kama umechoka."

"Nipumue?"

"Pumua. Batu bamezoea kununua kitu yenye inachokesha."

Nilijizoeza nyumbani mbele ya kioo cha kabati. Mteja aliyefuata aliniuliza kama nina malaria. Lakini bosi hakukosea: tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena kuhusu upepo. Basi lishikeni hilo. Wepesi ni sifa kwa yule anayesafiri kwa ndege. Kwa yule aliyekulia karibu na mizani ya dhahabu, wepesi ni shaka, na shaka haiondolewi kwa maelezo.

Kosa la pili lilikuwa la kiongozi mmoja wa kwaya, si langu, ingawa nililibeba mimi. Aliizungusha mashine pande zote akitafuta pahali pa kuingiza diski. Hakupaona. "Haina kinywa," akasema. "Sasa itakula nini?" Nikamweleza kuhusu flash na intaneti. Akanisikiliza kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mgonjwa, akarudi kwenye mashine yake ya zamani na nyimbo zake mia za diski. Niliandika daftarini: kinywa. Baadaye nikaandika: klavie ya Kiingereza, herufi hazikai tulipozizoea. Halafu: rangi ya fedha inaonyesha vumbi. Halafu: labda ni uso wangu. Papa Kambale alilikuta daftari lile juu ya kaunta, akasoma kurasa mbili, akalifunga.

"Weye unaandika juu ya batu kama polisi," akasema. "Mama Zawadi, uliandika nini juu yake?"

"Bado, papa. Sijaelewa ile kamba."

Sasa nifike kwa Mama Zawadi, kwa sababu yeye ndiye habari yenyewe.

Karibu na ofisi ya komini, serikali ya mtaa, alikuwa na kibanda cha kuandikia watu barua na vyeti, pamoja na kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo. Miaka yote alitumia kompyuta moja ndogo ya kubeba, nene kama Biblia ya mchungaji, herufi za klavie zimefutika kabisa. Kila Ijumaa alipita dukani, akakaa mbele ya ile kubwa, akaandika mstari uleule: Mimi niliyeweka sahihi hapa chini. Akarudi nyuma hatua tatu, akausoma bila kukunja uso, akatabasamu. Mjue kwamba macho yake yalikuwa yanakwisha. Kwenye mashine yake ndogo alikuwa amekuza herufi hadi maneno matatu tu ndiyo yalienea kwenye kioo, na kila mstari aliusoma kwa kuusukuma kama mtu anayetazama gari moshi kupitia tundu la ufunguo.

Halafu, baada ya kutabasamu, alitoa kamba. Kamba ya katani, ina fundo moja. Aliilaza juu ya mashine kwa upana, akatazama lile fundo, akaguna.

"Nitarudi, mutoto yangu."

Na mguu mmoja ulikuwa bado unanitazama.

Ile kamba iliniumiza. Nilifikiri anapima meza yake. Nilifikiri anapima sanduku la kufungia. Kwa siku mbili nilifikiri ni dawa ya mganga, nikaona haya, nikatubu kanisani. Mwishowe nikapata jibu ambalo lilinifurahisha sana: anapima kitambaa! Ninyi mnajua nyumba zetu, hakuna redio isiyovalishwa kitambaa cha kufuma. Nikamwomba shangazi yangu afume kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kipimo kamili cha ile mashine, nikampa Mama Zawadi Ijumaa iliyofuata kama zawadi ya duka.

"Ashi!" akasema. "Aksanti mingi. Mungu akubariki." Akakikunja, akakiweka kwenye kikapu, akatoa kamba, akapima mashine, akaguna, akaondoka. Kitambaa nilikiona baadaye juu ya televisheni yake.

Huenda ningeendelea kufuma mpaka leo, kama si Jules kinyozi. Kibanda chake kilipakana na cha Mama Zawadi, nao walichangia jenereta moja, ile tunayoiita grupu. Aliingia dukani kununua waya, akaniambia polepole, "Mama Zawadi iko na shida. Préfet wa shule alimupa bulletins yote ya watoto, na mwisho ni Jumatatu. Jana aliandika ishirini tu. Analia, anasema ni moshi ya grupu. Haiko moshi. Kama hamalizi, préfet anapeleka kazi kwa bale bavijana ba kule juu bako na mashini mupya, na ile kazi njo inalipa nyumba."

"Sasa juu ya nini hanunui mashine? Bosi atampunguzia!"

Jules alinitazama kama mtu aliyeshuka jana kutoka mwezini. "Na siye wote tunangoja anunue," akasema. "Mimi nataka ile kubwa kwa kuonyesha bateja film. Lakini nanunua namna gani kama yeye hanunui?"

Hapo ndipo Papa Kambale aliponieleza jambo ambalo kila mtu barabarani alilijua isipokuwa mwenye diploma. Katika miaka ile mibaya ya vita, Mama Zawadi alikuwa wa kwanza kufunga kibanda, kila mara. Hakupiga kelele, hakuonya mtu. Alitoka tu na vitu vyake, na barabara nzima ilipomwona hivyo, ilifunga pia, na kila mara hakukosea. Tangu hapo watu hawakusikiliza redio, walimtazama yeye. Kama Mama Zawadi anapaka kibanda rangi, watu wanapanda maharage. Akinunua kitu kikubwa kisichobebeka, basi amani imekuwa amani. Bado hakuwa amenunua.

"Kwa hiyo unamuuzia," akasema bosi, "na bei ya nusu, hata nusu ya nusu. Akinunua yeye, nauza zile nane kwa wiki moja."

Nilikwenda kwa Mama Zawadi siku ileile, Alhamisi. Nilimkuta ameinamia mashine, pua karibu iguse kioo, rundo la bulletins, zile ripoti za alama za shule, kulia kwake kubwa, kushoto dogo. Nikamsalimia, nikakaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikauliza badala ya kufikiri.

"Mama, ile kamba ni ya nini?"

Akacheka. Akainama chini ya meza, akavuta bidon la njano la maji, la lita ishirini, lenye kifuniko chake na matope yake, kama mabidon yote ya Bunia. Akaligeuza. Kitako kilikuwa kimekatwa kwa kisu cha moto na kurudishwa, kimebanwa na mpira wa gurudumu la baiskeli. Akaufungua. Akachukua ile mashine ndogo, akaisukuma ndani. Ikaingia kama mkono kwenye mfuko wake.

"Mara ya kwanza tulikimbia," akasema, "nilibeba mashini ndani ya sakosi. Benye bunduki bakaikamata kwa bariere ya kwanza. Mara ya pili nilikuwa na akili. Kwa bariere bakakamata redio, bakakamata mbuzi ya batu, bakakamata hata viatu. Mimi bakaniambia, 'Pita na mayi yako, mama.' Nikapita. Nikafika kule Irumu, kesho yake nikaanza kuandikia batu barua. Watoto bakakula. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Ile yako iko muzuri. Lakini inapita fundo na vidole vitatu."

"Lakini sasa iko amani..."

"Iko. Nani anasema haiko? Mimi mwenyewe ninalala muzuri. Lakini kununua ile ni kusema kwa sauti kwamba sitakimbia tena. Mimi siwezi kusema ile kwa sauti. Weye unaweza?"

Nyumbani kwangu, nyuma ya mlango, kulikuwa na begi lenye vyeti vyangu, nguo mbili na sabuni. Lilikuwa limening'inia pale tangu nimalize chuo, na sikuwahi kuliandika kwenye daftari lolote.

Nilirudi dukani nikamsimulia bosi. Nilidhani atahuzunika. Yeye akavaa kofia yake, akatoka mbio, na baada ya saa moja alisimama mbele ya kibanda cha Mama Zawadi, mimi nyuma yake, jasho linamtiririka, amekumbatia pipa la plastiki la bluu, lile la kuhifadhia maji ya harusi.

"Mama, hii inaingiza hata televisheni!"

Mama Zawadi alilitazama pipa, akamtazama Papa Kambale. "Papa Kambale," akasema kwa upole, "ni nani anakimbia na pipa?"

"Unaweza kusukuma na... na pusu-pusu ya magurudumu."

"Nitakimbia na pusu-pusu, na pipa ndani yake, na niseme ni mayi. Mayi ya kuoga kwaya nzima."

Jules alicheka mpaka akamkata mteja sikio kidogo. Bosi alirudi na pipa lake. Njiani akaniambia maneno ambayo hayakuwa mzaha: "Ingé, mwambie tu kwamba vita imekwisha. Neno moja. Anakuamini weye, umesoma."

Na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Angeniamini kweli. Macho yake yangepumzika, bulletins zingekwisha, barabara nzima ingenunua, bosi angesugua viganja. Na mimi ningekuwa nimemuuzia kitu ambacho hakikuwa dukani kwetu.

Usiku ule niligeuka kitandani mara nyingi kuliko chapati. Asubuhi, wakati nafagia depo, nikagonga mguu. Nilichogonga kilikuwa kioo cha kompyuta ya mezani, kizito, kimefunikwa gunia. Vilikuwa sita. Shirika moja la misaada lilipofunga ofisi yake hapa liliviuza vyote kwa mkupuo, bosi akavinunua, na hakuna aliyevitaka, kwa sababu kila mtu anataka kompyuta ya kubeba. Nikasimama na ufagio. Mashine ndogo ya Mama Zawadi ilikuwa ya zamani, na mashine za zamani zina tundu la waya wa kioo cha nje pembeni.

Kama ningeanza kulifikiria, ningenunua daftari lingine. Sikufikiri. Nilikifunga kioo kimoja kwenye blanketi, nikaita mtu wa pikipiki, nikakaa nyuma nimekikumbatia, tukaenda tukikwepa mashimo. Barabara nzima ilitutazama tukipita.

Vijana, hapa kuna jambo la kazi, msilisahau. Ule waya una skrubu mbili pembeni, na kila kitabu kitawaambia mzikaze. Msizikaze. Hapa kwetu msizikaze kamwe. Niliuchomeka hivyohivyo, Jules akawasha grupu, na kioo kikajaa bulletin ya mtoto mmoja wa darasa la tano, jina lake likiwa kubwa kama tangazo la kanisa.

Mama Zawadi aliegemea nyuma. Akasoma ukurasa wote bila kuusukuma. Akasoma alama za mtoto, akasema, "Huyu hesabu imemukataa," akacheka, akafuta macho kwa kanga. Halafu akauliza, "Na kama tunakimbia?"

"Vuta, mama."

Akavuta waya. Ukatoka mara moja. Mashine ndogo ikabaki mikononi mwake, vilevile, nene, tayari.

"Na hii kioo?"

"Hiyo inabaki."

Akalifikiria. "Ibaki," akasema. "Hata nyumba hatubebi." Akauchomeka tena, akavuta rundo la kulia, akaanza kuandika kwa vidole kumi, haraka, bila kututazama tena. Jumatatu asubuhi préfet, yule mkuu wa shule, alipata bulletins zake zote.

Lakini mimi nilikuwa bado sijamaliza Ijumaa yangu. Niliporudi dukani nilimkuta Papa Kambale anameremeta. Habari ilikuwa imenitangulia. Watu walikuwa wameona kitu kikubwa ndani ya blanketi kinaingia kwa Mama Zawadi, na kila mmoja alijua maana yake. Mwenye duka la dawa alikuwa ameshika ile mashine ya dirishani, mwalimu mmoja amesimama nyuma yake, na Jules, ambaye aliliacha grupu linanguruma, alikuwa akihema mlangoni. Yeye alikuwa ameona kioo tu na kusikia kelele za furaha, waya hakuuelewa.

"Mama Zawadi amenunua kubwa?" akauliza mwenye dawa. Tayari alikuwa na pesa mkononi.

Papa Kambale hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alinitazama tu, akakohoa kidogo, akaanza kupanga katoni zilizokwisha kupangwa. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza si kusema uongo, na mimi nina kipaji cha kunyamaza nikifikiri. Mashine nane zilikuwa depo.

"Hapana, papa," nikasema. "Hajanunua. Mashini yake ndogo iko palepale, inaingia ndani ya bidon kama zamani. Ile kioo niliyopeleka ni ya kuacha nyumbani siku ya kukimbia. Hii ya dirishani ni muzuri, lakini yeye hajasema neno lolote juu ya amani, na mimi sitalisema kwa niaba yake."

Pesa ikarudi mfukoni. Mwalimu akashusha pumzi. Nilisikia katoni moja ikianguka.

Mwenye dawa aliirudisha mashine dirishani taratibu, akakuna kidevu. "Ya kuacha nyumbani," akarudia. "Iko ingine?"

Nikamgeuzia Papa Kambale mgongo kabla hajapata sauti, nikaenda depo kuleta kioo cha pili.